Bibi Aliponiuliza Kama Nina Kifua

Kalenda yangu mimi haiko ukutani, iko kifuani. Wengine wanayajua masika kwa mawingu. Mimi nayajua siku mbili tatu kabla, pale ninapoinama kufagia chini ya kitanda, nikiinuka nakuta pumzi imebaki kule chini pamoja na ufagio. Kaskazi, joto linapowaunguza watu na kila mtu analalamika, mimi ndipo napumua kama binadamu. Kipupwe kikiingia watu wanashukuru, eti hewa nzuri; mimi nafunga dirisha na kutafuta shuka la pili. Vuli ni ya kubahatisha, mwaka huu inanisamehe, mwaka ujao hainisamehe. Redioni wakisema hali ya hewa ya kesho itakuwa nzuri, huwa nauliza peke yangu: nzuri kwa nani? Maisha yangu yote naishi hivi, nikiviziana na upepo, na nasema kweli nimechoka.

Ugonjwa wenyewe ni pumu. Niliupata kwetu, Kilimanjaro, katika nyumba ya nyasi yenye moto katikati, ng'ombe upande mmoja na sisi upande wa pili, na moshi unatafuta pa kutokea hauoni. Kwetu hatukuwa tukisema pumu. Tulisema tu, huyu ana kifua. Mama aliwaambia hivyo majirani, na mimi nikakua nikijua hilo ndilo jina lake. Mganga wa misheni akamwambia mama, huyu mtoto baridi itamuua, mtafutieni pwani. Mama hakunitafutia pwani, alinitafutia mume anayefanya kazi pwani. Kwake lilikuwa jambo lile lile.

Mume wangu alikuwa karani wa ghala. Chumba chetu cha kwanza kilikuwa Buguruni, na hatukumaliza masika mawili. Majirani walinisikia nikikohoa, mmoja akasema kifua kikuu, basi likawa hilo. Kikombe changu kikaanza kuoshwa peke yake. Watoto wakakatazwa kukaa kwenye mkeka wangu. Kifua na kifua kikuu ni vitu viwili, lakini wewe unakohoa, nani atakaa akusikilize ukimfundisha sarufi? Mwenye nyumba akatuambia kistaarabu kabisa kwamba chumba anakihitaji kwa ajili ya mdogo wake. Mdogo wake mpaka leo sijamwona.

Mume wangu hakuwa mtu mbaya. Lakini siku tunafunga vyombo aliniambia wazi kwamba tukifukuzwa tena, mimi nitarudi kwa mama na yeye atajibanza kwa rafiki. Kurudi kwa mama ilikuwa kurudi kwenye baridi na moshi. Nilijua nikirudi kule sitachukua muda kufa. Akaniambia, "Tunapokwenda, habari ya kifua usiitaje. Hata wakikuuliza, huna."

Tulipokwenda ni Kariakoo, karibu na barabara ya Msimbazi, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma. Mwenye nyumba alikuwa bibi mmoja wa pwani, mjane, mfupi, mwenye macho ya kukagua. Alikuwa akichoma vitumbua kila asubuhi uani kwake, na watu walikuwa wakivifuata kutoka mitaa ya mbali. Mume wangu alibaki barazani na mjumbe wa nyumba kumi, ambaye lazima atuandike. Mimi nikaingizwa ndani. Bibi alikuwa amekaa mkekani anapembua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo." Akaendelea kupembua. Hakuniuliza kabila wala dini. Baadaye akasema, "Nyumba hii ina wanawake sita na uani mmoja. Mengine yote nitayaona mwenyewe. Mimi nakuuliza moja tu. Una kifua?"

Nikawaza, Buguruni si mbali, habari imeshanitangulia. Nikajikaza.

"Sina, mama. Kifua sina kabisa. Tangu nizaliwe sijawahi kuwa nacho."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. Akanitazama.

"Kabisa?"

"Kabisa, mama. Hata kwetu, ukoo mzima hatuna. Muulize mume wangu."

Akaanza kucheka, kicheko kisichotoa sauti, mabega tu yanapanda na kushuka. Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Haya. Angalau wewe msema kweli. Wenzio huniapia kwamba wanacho, kesho yake nayasikia yangu sokoni."

Sikuelewa soko limeingiaje hapo. Lakini mtu aliyekwisha kupewa chumba haulizi maswali. Nikaenda kumwita mume wangu alete godoro.

Nyumba ile nilikaa miaka miwili ya kwanza kama mgeni wa jana. Wanawake walikuwa wakizungumza uani, wanachambua mboga, wanasukana, wanacheka. Nikitokea na sufuria yangu, maneno yanakatika. Mmoja anasema, "Leo jua kali." Mwingine anaitikia, "Kali kweli." Basi, mazungumzo yameisha, kila mtu anaangalia mboga zake. Hata mke wa mwenye duka aliyekuwa chumba cha mbele, mtu wa kwetu Kilimanjaro, tuliyesalimiana kwa lugha ya nyumbani, naye alikuwa akizungumza nami habari ya jua. Nikasema moyoni, wamejua. Nikawa nakichunguza kikombe changu kila siku nione kama kimetengwa. Hakikutengwa hata mara moja, na hilo ndilo lililokuwa likinichanganya akili.

Basi nikazidi kujificha. Kikohozi kikinishika nilikuwa nakimbilia bafuni, nafungua bomba, maji yanapiga ndoo, mimi nakohoa chini ya mlio wa maji. Wakawa wananitania, eti mtu wa bara kwa kuoga hajambo. Nacheka nao huku mbavu zinaniuma. Vidonge vyangu nilivificha ndani ya kopo la maziwa ya unga, chini ya dengu. Miaka ile vidonge vilikuwa kama sukari, leo vipo, wiki mbili zijazo havipo, na huna wa kumlaumu kwa sababu hata muuguzi wa zahanati aliyekuwa akinipa naye alikuwa na foleni yake ya sabuni. Huyo muuguzi aliniambia niwaeleze ninaokaa nao, siku nikibanwa wajue la kufanya. Nikamwambia nitawaeleza. Akanitazama usoni akasema, "Mficha maradhi kifo humuumbua, dada." Nikamshukuru, nikarudi nyumbani, sikumweleza mtu.

Foleni zenyewe zilikuwa zinanimaliza. Unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, ukisikika umefika dukani, unatakiwa kusimama asubuhi mpaka adhuhuri. Watu walikuwa wakiweka mawe badala yao, unaacha jiwe lako kwenye mstari, unarudi kukaa kivulini. Mimi nililipenda sana jiwe langu. Lilikuwa la matumbawe, jeupe, na sifa yake kubwa ni kwamba halikohoi.

Kuhusu bibi mwenyewe nilikuwa najua jambo moja tu, anapenda redio. Chumba chake na changu vilitenganishwa na ukuta wa udongo, na asubuhi, akishamaliza kuchoma vitumbua na kuingia ndani, alikuwa akiifungulia redio mpaka kuta zinatetemeka. Taarifa ya habari, hotuba, matangazo ya vifo, chochote. Wapangaji walisema uzee, masikio yamekufa. Mimi sikuwaza zaidi. Lakini sasa nikikumbuka, wakati wa kaskazi redio ile ilikuwa ikisema kwa upole. Ni wakati wa masika na kipupwe ndipo ilipokuwa ikipiga kelele. Mtu mwenye kalenda kifuani kama mimi nilitakiwa nijue. Sikujua, nilikuwa nimeshughulika na ndoo yangu.

Mwaka wa tatu betri zikapotea madukani. Watu walianika zile za zamani juu ya bati zipate joto, ziongee siku mbili zaidi. Bibi naye alikuwa akianika zake. Halafu masika yakaja, jua likaondoka, na redio ya bibi ikazimika.

Ilikuwa asubuhi, mvua imekatika kidogo, ukumbi unanuka ukungu na mkaa mbichi. Habari ikaja kwamba sukari imeshushwa duka la ushirika. Nyumba nzima ikatoka mbio na mifuko. Mimi sikuweza, tangu alfajiri nilikuwa napumua nusu nusu, nikabaki nimekaa kitandani. Ndipo nikasikia upande wa pili wa ukuta mtu anakohoa. Kikohozi kikavu, kirefu, na mwishoni, mtu anapovuta hewa, mluzi. Mluzi ule ukishakuwa nao, huusahau. Nikatega sikio nikidhani nimejisikia mwenyewe. Ukarudi tena, mrefu zaidi, na katikati kukawa na kimya ambacho sikukipenda.

Nikachukua kopo langu nikatoka ukumbini. Vidonge vilikuwa vimebaki vichache, na zahanati walikuwa wameniambia nijaribu wiki ijayo. Nikafika mlangoni kwake nikasimama. Nasema kweli hata kama inanitia aibu, niliogopa. Nikimpa dawa atajua naumwa. Akijua naumwa, atajua nilimdanganya uso kwa uso. Na mwenye nyumba ukimdanganya anakutoa. Nilikiona chumba chetu kimefungwa, nikamwona mume wangu ananikatia tiketi ya basi, nikaiona nyumba ya mama na moshi. Nilisimama pale kiasi cha sufuria ya chai kuchemka, mama wa watu anakata roho ndani, mimi nafikiria godoro langu litawekwa wapi.

Nikasukuma mlango.

Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, shingo imejivuta, mdomo wazi. Mkao ule naujua, ndio wangu. Redio ilikuwa mapajani kwake, mfuniko wa nyuma umefunguliwa, alikuwa akihangaika kugeuzageuza zile betri mfu. Akanipungia mkono, toka. Sikutoka. Nikampa kidonge na maji, nikafungua dirisha, nikamwekea mto juu ya meza ajilaze juu yake kwa mbele, nikamwambia atoe pumzi kwa midomo iliyokunjwa, polepole, asipigane nayo. Nikakaa kando yake nikasubiri naye. Dawa ile haina haraka. Bega lake lilikuwa chini ya mkono wangu muda wote, na nikashangaa jinsi alivyokuwa mwepesi.

Alipopata sauti hakushukuru. Akasema, "Nani kakwambia?"

"Hakuna, mama. Nimesikia."

"Na dawa hii umeipata wapi?"

Nikaona liwalo na liwe. "Yangu. Na mimi ninacho."

"Una nini?"

"Kifua, mama."

Akageuza uso juu ya mto akaniangalia. "Si ulisema huna? Si uliniambia ukoo mzima?"

"Nilikudanganya. Nilijua nikisema ninacho, hunipi chumba."

Nikaanza kuhesabu vyombo vyangu kichwani. Halafu yale mabega yakaanza kupanda na kushuka, nikadhani anabanwa tena, kumbe anacheka, na kicheko kikaleta kikohozi, na kikohozi kikaleta machozi, nikamshika kwa mikono miwili nikimwomba aache.

"Wewe mtoto wa bara," akasema, anavuta hewa kidogo kidogo. "Mimi nilikuuliza kama unaweza kutunza siri. Mtu mwenye kifua ni yule neno likiingia halitoki. Nani alikuuliza habari ya kukohoa?"

Nilikaa chini kwenye sakafu. Sikucheka. Akaniambia siku ile ile nilipohamia aliwaita wanawake wa nyumba akawaambia, yule mpangaji mpya ni mtu mwema, lakini kasema mwenyewe kwa kinywa chake kwamba hana kifua, kwa hiyo yenu yazungumzeni akiwa hayupo. Miaka miwili! Hakuna aliyekuwa na habari ya mapafu yangu. Miaka miwili nakoholea ndoo, nawachukia, nalia peke yangu, na wao wananikwepa kwa umbeya ambao hata sikuwahi kupata nafasi ya kuufanya. Nilihisi hasira, na sikujua nimkasirikie nani, kwa hiyo nikanyanyuka nikampelekea uji.

Yeye siri yake ilikuwa vitumbua. Miaka ya moshi wa mkaa na mafuta ilikuwa imemla mapafu, na nani atanunua kitumbua cha mtu anayekohoa? Akisikika mara moja tu, mtaa mzima utasema kifua kikuu, na vitumbua ndivyo vilivyomfanya asimwombe mtu chochote tangu mume wake afariki. Hospitali hakuwahi kwenda, kwa sababu Kariakoo yote ingemwona kwenye benchi. Akaniuliza tena, sasa bila kucheka, "Una kifua?"

"Ninacho, mama."

Njia tuliyoipata ya kumfikisha hospitali ilikuwa moja. Lazima awepo mgonjwa mwingine. Wiki ile ile nikatoka uani, wanawake wote wapo, nikasema, "Jamani, mimi nina pumu. Haiambukizi. Nimewaficha, naomba radhi." Mke wa mwenye duka akamvuta mtoto wake karibu. Bibi, bila kuinua macho kutoka kwenye chuma chake cha vitumbua, akasema nyumba ni yake na mpangaji ni wake, asiyependa milango iko miwili, wa mbele na wa uani. Akaongeza kwamba atanisindikiza hospitali yeye mwenyewe, kwa kuwa mimi sina mama hapa. Wanawake wakatikisa vichwa. Nilipogeuka nikasikia mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Umeona? Hana kifua kweli yule. Hata yake mwenyewe yamemshinda."

Basi tukawa tunaenda wawili, mgonjwa na msindikizaji, tunatembea polepole kuelekea hospitali, tunapumzika kwenye kila baraza. Watu walimsifu bibi kwa huruma yake. Ndani kwa daktari msindikizaji ndiye aliyekuwa wa kwanza kufungua vifungo. Tukajifunza majira pamoja. Masika yakikaribia tunaanua mikeka na kupaka chokaa ukutani. Kipupwe, maji ya moto ya tangawizi na kulala na mito miwili. Vidonge tulivigawana bila kuhesabiana. Moto wa vitumbua nikawa naupepea mimi, na yeye akichoma amekaa upande upepo unakotoka, na tukikohoa wote, watu walisikia kikohozi kimoja, changu. Mume wangu alizoea kuniona narudi nimechoka kupita kiasi. Nilichoka kweli. Kuumwa kwa watu wawili si mchezo. Lakini sikurudishwa mlimani, na wanawake wakaanza kuzungumza nami mambo mengine zaidi ya jua.

Tulipata misimu kadhaa hivyo. Halafu kikaja kipupwe kimoja ambacho hatukukiweza. Daktari alifanya lake, mimi nikafanya langu, mito ikawa mitatu, ikawa minne. Siku za mwisho hakuwa na pumzi ya kusema sentensi nzima. Aliniangalia tu, akajigusa kifuani kwa kidole, kisha akanigusa changu. Nikamwitikia kwa kichwa. Niliumia kuliko nilivyoumia kwa mama yangu mzazi, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Nayasema haya leo kwa sababu nyumba ile haipo, pamesimama ghorofa la maduka, na binti zake na wanawake wengi wa uani ule wametangulia. Hakuna tena wa kukataa kitumbua chake.

Siku ya tatu ya msiba tulikuwa tumekaa ukumbini kwenye mikeka. Binti zake, walioolewa mbali, walitaka kujua mama yao alikuwa akiumwa nini hasa, mbona ghafla, mbona hakusema. Hakuna aliyejua. Nikaona wanawake wananong'onezana, halafu mmoja akasema, si kwa ubaya, "Muulizeni jirani yake huyu. Huyu hana kifua, atawaambia." Wakasogea wote. Mkubwa wao akanishika mkono akaniuliza.

"Homa," nikasema. "Na uzee."

Wakaniuliza tena, kwa upole, kisha kwa ukali kidogo. Nikasema homa. Nilikumbuka yule muuguzi na methali yake, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Bibi hakikumuumbua, nilikuwepo mimi. Wakachoka, wakanyanyuka mmoja mmoja kwenda kuangalia sufuria za wali. Mlangoni nikamsikia yule yule akimwambia mwenzake, "Kumbe yule ana kifua."

Nilitaka kumwambia ndiyo, ninacho, tangu nyumbani kwetu. Lakini kikohozi kiliniwahi.